Mama mkwe kaniachia picha ya kuku, mthamini kanipa mtihani

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo anti. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakusoma kwenye treni nikienda kazini, sikuwahi kufikiria na mimi ntaandika, lakini hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na hapa nilipo sina mtu wa kumwambia kwa Kiswahili akanielewa.

Mi ni mtu wa Tanga, miaka 41, nimeolewa na Mholanzi, tunaishi mji mdogo karibu na Utrecht na huu ni mwaka wa 14. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndo alikuwa rafiki yangu wa kwanza nchi hii. Sebuleni kwake juu ya kabati la vyombo kulikuwa na picha kubwa ya rangi ya mafuta, ukubwa wa meza ya watu wanne, imekuwa nyeusi nyeusi kwa uzee, ya ndege: jogoo, tetea na vifaranga vyake, bata bukini, tausi kwa nyuma, na pembeni kanga wawili. Familia nzima wanaiita kuku wa babu na wanaicheka.

Mi niliipenda siku ya kwanza kwa sababu nimekulia kwenye kuku. Nikamwambia mama kwa Kiholanzi changu cha kuungaunga, huyu jogoo kaona mwewe, tazama shingo ilivyosimama, tazama tetea anavyoita watoto, kuna kifaranga kimebaki jicho tu chini ya bawa. Akasema mwewe hayupo, mwanangu, nimeitazama toka mtoto. Siku nyingine nikaenda nimejifunga kanga nikamwonyesha kwamba hawa ndege wa madoadoa kwetu wanaitwa jina moja na hii nguo, akacheka mpaka machozi, toka siku hiyo na yeye akawa anawaita kanga.

2019 akahamia nyumba ya wazee, na akasema mbele ya mume wangu, kuku hawa ni wako, we ndo unayewaona. Tukaitundika kwetu kwenye korido. 2024 akafariki, akiwa na miaka 88. Kwenye kugawana vitu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasema na ile ya kuku bakini nayo, sina ukuta wa kuitundika. Wote tukacheka, ikaisha. Kuna jamaa ananunua vitu vya nyumba za marehemu alikuwa ameshaipiga euro 150, tena akasema anachotaka ni fremu.

Sasa mwezi uliopita kulikuwa na siku ya kuthaminiwa vitu bure kwenye nyumba moja ya mnada, nikaipeleka, nia yangu ilikuwa bima tu. Foleni ndefu, watu na masaa ya ukutani, watu na visahani. Mthamini kila mtu dakika tano, mimi dakika 40. Kaitoa kwenye fremu, kaigeuza, kanusa nyuma (nilishangaa), kagusa misumari, alafu akazima taa ya kile chumba akamulika tochi kwa ubavu, sio mbele. Anti, pale juu kona ya kulia kwenye ule weusi likatokea bawa. Mwewe! Nikapiga kelele peke yangu mpaka watu wakageuka. Nilitamani mama awepo.

Alafu akawasha taa ya rangi ya zambarau, picha yote ikawa kijanikijani kama maji ya bwawa, ila chini pale palipo na saini pakawa peusi. Akaniambia saini imesomeka Hondecoeter lakini nisishangilie, akanipa kioo cha kukuzia nione wino wa zile herufi ulivyoingia kwenye nyufa. Kasema anavyoona yeye ni kazi ya mwisho wa miaka ya 1600, ya mtu wa mduara wa huyo Hondecoeter, mnadani inaweza kwenda euro 8,000 mpaka 12,000. Ikisafishwa na kupimwa rangi inaweza kupanda sana, au inaweza kugundulika ni nakala ya miaka ya 1800, hapo ni mia kadhaa tu. Kusafisha na kupima ni kama 2,500 kutoka mfukoni kwangu.

Alafu akauliza swali ambalo ndo limeniharibia usingizi: familia iliipata wapi na lini? Nikajibu ninachojua. Mama alinisimulia kwamba baba yake, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, aliileta nyumbani kwa mkokoteni wakati wa vita, theluji imejaa, yeye ana miaka minane, na mama yake akagomba kwamba wametoa viazi kwa ajili ya kuku wasioliwa. Yule mthamini akanyamaza, akaandika kitu. Nyuma kuna kipande cha karatasi kimechanika na namba zimepigwa kwa wino mweusi. Mume wangu nilivyomsimulia akasema moja kwa moja, hiyo itakuwa mali ya Wayahudi, funga mdomo, tuuze kimya kimya kwa dalali, nyumba yetu ya Tanga imeishia kwenye lenta mwaka wa nne huu. Na wifi asijue, atataka chake.

Anti, nifanye nini? Nilipe hizo hela nijue ukweli, au niirudishe ukutani nijifanye sikwenda? Nimwambie wifi? Na kama ni ya watu waliouawa, mimi mtoto wa Tanga nimeingia vipi kwenye haya?

Mke wa Mholanzi, Utrecht

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole ya msiba maana naona barua nzima unamlilia mama mkwe wako kwa kujificha nyuma ya kuku.

Nianze kwa kukwambia mimi ni nani kwenye hili. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nililinda vyumba vya makumbusho Antwerp miaka tisa, kazi ya kusimama, unavaa sare unamwangalia mgeni asiguse. Sio msomi wa picha. Lakini ukisimama masaa manane na picha zile zile, na wasafishaji wanakuja na taa zao wanaongea mbele yako kama vile we ni kiti, unaokota mengi.

Nikikusikia vizuri, una maswali manne umeyafunga fundo moja. Picha ina thamani gani, je ni yako kweli, wifi aambiwe, na ilitoka kwa nani. Mumeo ameyajibu yote kwa neno moja, uza. Namwelewa, lenta ya miaka minne inauma, mvua ikinyesha huko Tanga yeye anailala huku. Ila hebu tulifungue fundo taratibu.

Hiyo 8,000 mpaka 12,000 uliyopewa, mdogo wangu, ni makisio ya mnada, yani bei ambayo mthamini anadhani watu wawili wenye hela wanaweza kugombania siku hiyo. Mwenye mnada naye anakata asilimia yake kwa muuzaji, alafu kuna picha ya katalogi, bima, usafiri. Ukienda kwa ajili ya bima utapewa namba nyingine, mara nyingi kubwa zaidi, kwa sababu bima inauliza itagharimu kiasi gani kununua inayofanana nayo dukani. Na dalali wa kimya kimya anayemtaka mumeo ana namba yake ya tatu, ambayo ni ndogo maana yeye ndo anataka kwenda kuila hiyo tofauti. Kwahiyo msiwe mnagombana nyumbani kwa namba ambayo haipo bado.

Sasa Hondecoeter. Melchior d'Hondecoeter alizaliwa hapo hapo Utrecht kwenu 1636, akafa Amsterdam 1695. Babu yake mchoraji, baba yake mchoraji, akafunzwa na baba alafu na mume wa shangazi yake, Jan Baptist Weenix. Kazi yake ilikuwa ndege, na matajiri wa wakati ule walikuwa wanafuga ndege wa kigeni walioletwa na meli kutoka Afrika, Asia na Amerika, wanataka waonekane ukutani. Mpaka William wa tatu, yule aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, alimpa kazi. Ukipata nafasi nenda Rijksmuseum Amsterdam ukaangalie ile ya mwari mkubwa pembeni ya maji, wameipachika jina la unyoya unaoelea, kwa sababu kwa mbele kuna kinyoya kimoja juu ya maji kimekaa hivi, unataka kukipuliza. Hao kanga wako wawili wenyewe ni wahamiaji kama sisi, wametoka Afrika.

Shida ya mtu maarufu ni kwamba wanamwiga. Yeye mwenyewe alikuwa anarudia ndege wale wale kutoka picha moja kwenda nyingine, na waliomfuata wakaendelea kuwarudia. Ndo maana watu wa mnada wana ngazi zao, na kila ngazi ina bei yake: ya mkono wake mwenyewe, ya karakana yake, ya mduara wake, ya mfuasi, ya mtindo wake, na mwisho kabisa nakala. Wewe umepewa ngazi ya mduara, maana yake mtu wa wakati wake aliyemjua au aliyeijua kazi yake. Mbona si haba?

Na saini usiililie. Ulichokiona kwenye kioo ni kama magaga ya kisigino, rangi ya zamani inakauka inapasuka, sasa ukimwaga wino leo juu ya magaga utaingia kwenye mipasuko. Saini iliyowekwa picha ikiwa mbichi ingepasuka pamoja nayo. Kwahiyo mtu fulani, pengine miaka 100 baadae, alitaka kuuza kwa bei nzuri akaongeza jina, na ule weusi kwenye taa ya zambarau unasema hivyo hivyo, vanishi ya zamani inang'aa kijani na kilichopakwa juu yake baadae kinabaki cheusi. Wala haimaanishi picha ni feki. Jina la uongo linaweza kukaa juu ya picha ya kweli, kama ambavyo mtu anaweza kuwa na cheti cha kughushi na bado akawa fundi mzuri. Na kunusa nyuma usimcheke, Uholanzi walikuwa na mtindo wa kubandika turubai la pili nyuma ya lile la zamani kwa nta, anatafuta harufu ya nta.

Je ulipe hiyo 2,500? Hapa sitakuamulia. Vipimo vinaweza kusema kitu cha uhakika kwa upande mmoja tu: vinaweza kuiangusha. Wakikuta ile buluu ya Prussia kwenye rangi ya chini, ile ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, basi Hondecoeter alikuwa ameshakufa, na wakikuta nyeupe ya titani hiyo ni karne ya 20 kabisa. Wasipokuta, bado hawajasema nani kachora, wamesema tu kwamba haijaanguka. Na kusafisha hakurudi nyuma, kikitoka kimetoka, ukimpata fundi mbaya ataondoa vanishi na manyoya ya jogoo pamoja. Kwa upande mwingine ukiuza ilivyo, kuna mtu mwenye jicho atainunua kwa 9,000, aisafishe, na wewe uje uione kwenye katalogi mwaka kesho kwa bei ambayo itakutoa machozi. Nimeshaona wanaojuta pande zote mbili. Kuna njia ya katikati ambayo haina gharama kubwa: pale Den Haag kuna taasisi ya RKD, wana hifadhi ya mapicha ya wachoraji wa Kiholanzi na sehemu kubwa iko bure kwenye intaneti, unaweza kukaa jioni moja na chai yako ukawatafuta hao jogoo na tetea, ukikuta tetea yule yule mwenye kifaranga cha jicho moja kwenye picha nyingine umepata uzi wa kuvuta.

Haya, vita. Mumeo kasema itakuwa mali ya Wayahudi, na wewe umebeba hilo neno kama limeshathibitishwa. Nataka tulitazame pamoja, maana liko zito na halifai kurushwa wala kufichwa. Ni kweli kwamba Wajerumani walipoikalia Uholanzi Mei 1940 Wayahudi waliporwa kwa karatasi na mihuri, kuna benki Amsterdam waliitumia kukusanyia mali zao, fedha kwanza, baadae mpaka vito na picha, na zaidi ya watu 100,000 waliuawa. Mfanyabiashara wa picha Jacques Goudstikker alikufa akikimbia kwenye meli mwezi huo huo wa Mei, na familia yake ilirudishiwa picha 202 na serikali mwaka 2006. Miaka 66 imepita, fikiria. Kwahiyo yule mthamini kuuliza sio uchokozi, nyumba za mnada zinazojiheshimu zinapitisha picha za namna hii kwenye orodha za mali zilizoibiwa kama ile ya Art Loss Register ya London, na pengo la miaka ile ya vita ndo linalowashtua.

Lakini nimesoma barua yako mara tatu nikasimama kwenye theluji na viazi. Mama mkwe kafariki 2024 ana miaka 88, kwahiyo akiwa na miaka minane ni 1944 kuelekea 1945. Unajua Waholanzi wanauitaje ule msimu? Majira ya baridi ya njaa. Treni zilikuwa zimegoma, Wajerumani wakabana chakula kisiingie miji ya magharibi, watu kama 20,000 wakafa, na wa mjini wakawa wanatembea kwa miguu na mikokoteni na vigari vya watoto kwenda kwa wakulima kubadilisha mashuka, pete, saa, chochote, kwa viazi na maziwa. Na babu yake mumeo alikuwa mkulima. Inawezekana kabisa kuna mama mmoja wa Utrecht alisimama mlangoni kwake na kuku wa urithi wa babu yake ili watoto wale.

Nasema inawezekana, sijasema ndivyo. Maana kufikia wakati ule nyumba nyingi za Wayahudi zilikuwa zimeshasombwa vitu, na wengine waliacha vitu vyao kwa majirani wawatunzie wakaenda na hawakurudi. Aliyeleta picha kwa mkulima anaweza kuwa mwenyewe, anaweza kuwa jirani. Ile karatasi iliyochanika na namba za wino mweusi zinaweza kuwa ni za mnada wa zamani, na mnada una vitabu. Pale Amsterdam NIOD, ile taasisi ya historia ya vita, ina kituo kinachochunguza mambo haya, na ipo kamati ya serikali ya kurudisha mali ambayo hata watu binafsi wanaweza kuiendea pande zote mbili zikikubaliana. Hatari yake unaijua: ukiuliza na jibu likaja baya, huwezi kulirudisha kwenye bahasha. Utakuwa unakaa mezani na watu ambao hukuwafikiria, na nyumba ya Tanga itasubiri. Hatari ya kutouliza ni nyingine. Ukiuza kimya kwa dalali leo, picha haikai kimya, itauzwa tena, na siku mtu mwingine akiigeuza nyuma karatasi ile bado ipo pale, na jina la mwisho kabla ya dalali ni la kwenu.

Tuje kwa wifi. Hapa ndo nimekaa zaidi ya kwingine. Umeandika kwamba atataka chake, lakini hayo ni maneno ya mumeo, wewe wifi mwenyewe unamjuaje? Aliyesema bakini nayo sina ukuta ni mtu mwenye tamaa, au ni mtu aliyefiwa na mama anatafuta cha kuchekea? Kisheria sina la kukwambia la maana, alikupa 2019 akiwa hai na mumeo shahidi, mwanasheria wa huko atakueleza hilo limekaaje. Ila mume ndo shahidi wako pekee, na ndiye huyo huyo anayetaka kuuza kimya, liangalie hilo pia.

Na kuna jambo nadhani hujaliona. Huyo wifi ni dada mkubwa. Kakulia chini ya hiyo picha kabla mumeo hajazaliwa, pengine kapakatwa na babu mwenyewe, kasikia nani aligonga mlango siku ile ya theluji, jina gani, mtaa gani. Watu wa enzi ile walikuwa wanawasimulia wajukuu mambo ambayo watoto wao hawakuambiwa. Yule unayemficha bei ndiye pengine mtu pekee aliye hai mwenye hadithi, na bila hadithi hata bei yenyewe inalegea, maana mnunuzi mwangalifu anaogopa pengo. Sasa ukimwambia unaweza kupoteza nusu ya hela, au amani ya Krismasi, sikatai. Anaweza pia kukasirika kwamba ulikwenda kuthaminisha kabla ya kumwambia. Usipomwambia akaja kusikia kwa mtu, itabidi umweleze kwa nini, na Kiholanzi chako cha leo hakina kisingizio cha kuungaunga.

Umeuliza mtoto wa Tanga umeingia vipi. Umeingia kwa kutazama, basi. Watu walipita chini ya ile picha miaka 70 wakaona kuku, wewe ukaona jogoo anayetazama juu, na ukajua kuna kitu anakitazama. Mama mkwe alikujua kwa hilo. Sijui kama alikuwa anakupa hela au alikuwa anakupa kazi, na siwezi kukujibia, mi sikuwa pale sebuleni kwake.

Wakati unafikiri, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji wala usimsikilize mtu wa kukwambia uisafishe kwa kiazi au kitunguu, itoe kama iko karibu na rejeta ya joto, na ipige picha mbele na nyuma, ile karatasi uipige kwa ukaribu mpaka namba zisomeke. Mumeo mtafutie siku asiyochoka, mwambie unachoogopa kabla hujamwambia unachotaka. Na ukiniandikia tena, nitajie yule mwewe anashuka au anapita tu, maana nimelala nalo hilo.